Miguu Mbele kutoka Likoni hadi Msambweni

Kila mkinikuta barazani mnaniambia, "Hamisi, hebu tupe habari za ile safari yako," nami najibu, "Nilifika salama," kisha ulimi unaganda. Si kwamba sina la kusema. Maneno yangu huja polepole, na mtu akinitazama sana hurudi yalikotoka. Basi nimeamua kuyaandika. Kalamu yangu nayo haina mbio, lakini karatasi hainikodolei macho.

Hali yangu mwaijua. Mguu wangu wa kushoto ulikauka kwa homa nilipokuwa mdogo, na tangu hapo, nikitaka kufika mbali kuliko msikitini, sharti nimwombe mtu anipakie nyuma ya baiskeli yake kama gunia la nazi. Mwenyewe sikuwahi kuiweza baiskeli. Mjomba Bakari, mwenye duka, aliyenilea tangu mama yangu afariki, alisikia kwamba kule Likoni yuko fundi mwenye baiskeli za magurudumu matatu, za watu wazima. Habari za bei na makubaliano yao siziandiki, maana sikuzishuhudia. Nitaandika sharti tu, kwa kuwa nililibeba njia nzima.

"Nenda ukachague mwenyewe," mjomba alisema. "Kisha uje nayo mwenyewe, kwa mguu wako. Ikifika hapa juu ya lori, au ikibebwa na watu, nitajua hukuiweza, na itakuwa ya duka, ibebe mafuta ya taa badala ya punda. Ikifika umeiendesha, ni yako."

"Na nikikwama njiani?"

"Ukikwama, simamisha lori. Hakuna aibu. Lakini itakuwa ya duka."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa akipima sukari, na mkono wake haukutikisika. Lakini nilielewa. Ikiwa ya duka, mimi nitarudi kuwa gunia.

LIKONI: NDEFU NA FUPI

Lori la mbata lilinishusha karibu na karakana ya Fundi Kassim, mtu mnene mwenye kofia iliyolowa grisi. Baiskeli zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisimama wima kama baiskeli zote, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na katikati ya yale ya nyuma sanduku la mbao lililowahi kubeba mikate mjini. Kiti chake kilikuwa juu. Ya pili sikuiona mpaka fundi aliponyosha kidole. Nilidhani ni kitanda kilichovunjika.

Ilikuwa na magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Kiti chake kilikuwa cha turubai, kimeegemea nyuma kama kiti cha kupumzikia, tena karibu na ardhi hata ukishusha mkono unagusa mchanga. Pedali zilikuwa mbele kabisa, kwa hiyo mwendeshaji hukaa amejinyosha, miguu imetangulia. Usukani ulipita chini ya mapaja. Fundi alisema iliundwa na Mzungu mmoja wa mitambo ya maji aliyekuwa na maradhi ya mgongo. Bendera ilipobadilika akarudi kwao, akaiacha.

Niliitaka ile ndefu. Nilitambaa mpaka nikawa mtoto mkubwa, na maisha yangu yote nimewatazama watu kutoka chini. Juu ya kiti kile ningekuwa sawa na wenzangu.

Fundi aliipanda kwanza ili anionyeshe, ikampeleka moja kwa moja ukutani. Akashuka akicheka. "Mimi nimezoea magurudumu mawili," alisema. "Ajuaye baiskeli huilalia kwenye kona, nayo hii hailali. Asiyejua ndiye huiweza upesi. Haya, wewe usiyejua, panda."

Nilikwenda sawasawa mpaka pale wanawake walipokuwa wakikaanga samaki. Nikageuza. Gurudumu la ndani likanyanyuka, nikaliona likizunguka hewani, kisha nikajikuta mtaroni, sanduku limenilalia.

"Pole mwanangu!" akaita mama mmoja, huku mwenzake akisema, "Hata kuku hugeuka vizuri kuliko hivyo!"

Tena niligundua jambo jingine. Ile ndefu hutaka uzito wa mwili ushuke kwa miguu yote miwili, zamu kwa zamu. Mimi zamu moja sina.

Katika ile fupi mambo yalikuwa tofauti. Mgongo unasukuma kiti, mguu unasukuma pedali, kama mtu anayefunga mlango kwa unyayo. Fundi aliufunga mguu wangu wa kushoto kwenye pedali kwa ukanda wa mpira wa tairi. "Huu hauna kazi ya kusukuma," alisema. "Kazi yake ni kusindikiza."

Nilizunguka karakana mara kadhaa. Haikunyanyuka wala kuyumba.

"Ile ndefu ni nzuri," nikasema.

"Nzuri, ndiyo. Itakufikisha?"

Nikaichukua ile fupi kama mtu anayekunywa dawa. Fundi alichomeka nyuma yake mwanzi mrefu wenye kitambaa chekundu, ili madereva wa malori wajue kwamba huku chini kuna mtu.

LIKONI HADI UKUNDA: NYAYO

Sikujua kwamba barabara ina mgongo. Anayetembea haoni, lakini katikati pako juu na kando panateremka, na baiskeli ya magurudumu matatu hutaka kuteremka muda wote. Mikono yangu ilichoka kabla ya mguu. Mashimo nayo ni shida ya peke yake. Nikiliepusha gurudumu la kulia, la kushoto linaingia. Nikiyaepusha yote mawili, la nyuma linalitafuta shimo mpaka linalipata.

Lakini nilivutiwa sana na mambo ya huko chini. Mbwa wa Ngombeni tulitazamana uso kwa uso, naye akaona haya kuliko mimi. Watu niliwajua kwa visigino kabla ya nyuso. Nilisikia harufu ya vumbi lililolowa umande, na ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho, harufu ambazo mtu mrefu huzikanyaga tu akapita. Watoto walinifuata wakipiga kelele, "Kitanda kinakimbia! Kitanda kinakimbia!" Mmoja akauliza, "Wewe u mkubwa gani, una bendera kwenye gari?" Mwenziwe akamjibu kabla yangu, "Wakubwa hawalali barabarani."

Pale Tiwi, nje ya duka, alikaa mzee mmoja akichoma mihogo. Nikasimama mbele yake kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

Akageuza muhogo makaani. Nikadhani hasikii vizuri. Nikakaza sauti, "Shikamoo, mzee!"

"Mtoto wa nani wewe," akasema bila kuinua macho, "unayenisalimu kwa nyayo?"

Nikatazama. Nyayo zangu mbili zilikuwa zimeelekea usoni pake kabisa, kama nimezileta kumwonyesha. Mnajua nilivyolelewa. Hata mkekani sijawahi kumnyoshea mtu mzima mguu.

"Samahani, mzee. Baiskeli ndiyo ilivyo."

"Baiskeli haina mama wa kuifunza. Wewe je?"

Nikarudi nyuma kwa kusukuma ardhi na mikono, nikazunguka, nikaja tena ubavu, miguu imeelekea minazini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nimeuona uso wako. Kula muhogo."

Nilikula muhogo wa kuchoma kwa pilipili na ndimu, naye akauliza kila kitu: nani aliiunda, kwa nini mnyororo ni mrefu hivi, na je, nikipata usingizi humo itajipeleka yenyewe? Tangu hapo nilimsalimu kila mzee ubavu, na pwani hii haina upungufu wa wazee. Ndiyo maana nilifika Ukunda jua likiwa limekwisha kuzama.

UKUNDA: SUFURIA YA MBAAZI

Nililala kwa Shangazi Mwanasha. Asubuhi nilikuwa nikila mahamri kwenye kibanda cha jirani yake, niondoke mapema, alipokuja kijana wa bara aitwaye Mutua, mpishi wa nyumba moja kule Galu.

"Hii kitu unaenda nayo wapi?"

"Msambweni."

"Na hii? Wacha nijaribu kidogo."

Nilitaka kukataa, lakini neno halikuwahi. Tayari alikuwa amekaa. "Mimi naendesha baiskeli tangu nikiwa mtoto," akasema, akaondoka kwa kasi. Kwenye kona akailalia vile fundi alivyosema, nayo haikulala. Ikaenda ilikotaka, yaani kibandani.

"Mutua!" mwenye kibanda akapiga ukelele. "Mbaazi zangu zimekukosea nini?"

Sufuria ilikuwa imemwagika yote, tui la nazi likimtiririka Mutua shingoni. Watu walicheka hata kuku wakakimbia. Mimi sikucheka. Chuma cha usukani kilikuwa kimepinda, na magurudumu ya mbele yalitazamana kama watu waliogombana.

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinywa chai alinihurumia. "Nakwenda Msambweni sasa hivi," alisema. "Pakia, kijana. Utafika kabla ya adhuhuri."

Lilikuwa lori zuri, tena tupu. Nililitazama kwa muda. Mdomo wangu ulijua kusema "ahsante" kwa kukubali, haukujua kusema "ahsante" kwa kukataa. Nikatikisa kichwa tu. Dereva akaniona mjinga, akaenda zake.

Siku nzima ilipita kwa mhunzi. Alikipasha moto kile chuma, akakigonga, akakipima kwa jicho moja, akakigonga tena. Kila akikunja uso moyo wangu ulishuka. Ilipofika magharibi magurudumu yalikuwa yamepatana.

Asubuhi Mutua alirudi na mkate mzima na kitambaa kikubwa cheupe cha mezani. "Nisamehe," alisema. "Jua ya huko mbele ni kali. Mama mwenye nyumba aliniachia hivi vitambaa vingi wakati alihama." Shangazi alikata fito, akazikunja kuwa matao juu ya kiti, akakitandaza kile kitambaa toka nyuma ya kichwa changu mpaka magotini. Kilikuwa kivuli kizuri sana. Sikuona nyuma, lakini nikajiambia, nyuma kuna nini?

KARIBU NA GAZI: WALIOTOKA MSIKITINI

Nilipita msikiti mdogo wa kando ya barabara watu wakiwa ndani kwa sala ya adhuhuri. Mbele palikuwa na kimlima, nami nikakipanda polepole. Kidogo nikasikia nyuma yangu nyayo nyingi, na sauti za wanaume, nzito na za pole, "La ilaha illa Allah. La ilaha illa Allah."

Nikajua ni mazishi. Jeneza linakuja nyuma yangu, nami nimeziba njia. Desturi yetu ni kwamba ukikutana na jeneza hulipiti. Unatia bega, hata kwa hatua chache. Mimi bega langu halijawahi kufaa, kwa hiyo hukaa kando na kuinamisha kichwa. Nikajivuta kando, nikasimama, nikainama.

Nao wakasimama.

Nikangoja wapite. Hakuna aliyepita. Nikafikiri labda wananingoja mimi niendelee. Nikaendelea, nao wakaendelea. Nikaongeza mwendo, maana si vizuri kumchelewesha maiti, nao wakaongeza, na nikamsikia mmoja akihema, "Wana haraka hawa!"

Kisha mikono ikaishika baiskeli pande zote, nami nikapaa.

Sijui niwaelezeje. Mara mbingu ikawa karibu. Niliona mapaa ya makuti kwa juu, na bahari ng'ambo ya minazi, na vichwa vya watu vikienda chini yangu, kofia moja ikiwa na tundu katikati. Kwa mara ya kwanza maishani niliwatazama watu kutoka juu. Mtu mmoja mwenye baiskeli alitupita, akavua kofia kwa heshima, akashika njia ya Msambweni. Ningefurahi, wallahi, isipokuwa nilihisi kitu. Mguu wangu ulikuwa ukisukuma, na hapakuwa na uzito. Magurudumu yalikuwa yakizunguka hewani bure.

"Niwekeni chini!"

Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo. Mmoja wao alikimbia mpaka shambani. Wengine nusura waniangushe. Mwadhini wao, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili, akaja mbele, akaiona miguu yangu.

"Jamani!" akasema. "Maiti hutanguliza kichwa. Huyu ametanguliza miguu, tena inatembea!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini barabarani. Kisha wakaniomba radhi. Walikuwa wametoka msikitini wakaona kwa nyuma kitu cheupe kinakwenda taratibu juu ya magurudumu, bila watu. Wakadhani ni maskini fulani, msafiri, anayepelekwa kuzikwa na mtu mmoja au wawili wanaovuta kwa mbele.

"Tukasema haiwezekani," mwadhini alieleza. "Mtu azikwe bila watu, nasi tupo?"

Hapo ndipo maneno yalipotaka kurudi yalikotoka, lakini ule ukelele ulikwisha kuyafungulia njia. Nikawaambia yote: mguu, mjomba, sharti, mafuta ya taa.

"Kwa hiyo tumekuharibia," mwadhini akasema.

"Mlininyanyua kidogo tu."

"Kidogo ni kidogo, na sharti ni sharti. Tulimchukulia wapi?"

"Pale kwenye mkanju," akasema mwenye kofia ya tundu.

"Basi tumrudishe."

Wakaninyanyua tena, wakanirudisha chini ya kile kimlima mpaka kwenye mkanju, yaani mkorosho uliokuwa kando ya njia. Wakatafuta alama za magurudumu yangu vumbini, wakaishusha baiskeli juu yake hasa, kila gurudumu na alama yake. "Hapa," mwadhini akasema. "Sasa hapana deni kati yako na mjomba wako. Panda."

Nikakipanda tena kimlima chote kwa mguu wangu, na wao kando yangu, hakuna aliyegusa hata mwanzi wa bendera.

MCHANGA

Walikataa kurudi. "Nia ya kusindikiza tumekwisha kuitia," walisema. "Nia haitupwi." Na ilikuwa heri, kwa sababu mbele kidogo mvua za nyuma zilikuwa zimeleta mchanga na kuufunika mwili wote wa barabara. Magurudumu yangu yalizama. Nilisukuma mpaka mgongo ukalia, baiskeli isisogee.

Mtu mmoja akaita, kama tulivyozoea kuita siku hizi kwa kila kazi, "Harambee!" Wote wakaitika, "Heee!" na mikono ikaja.

"Msiguse!" mwadhini akafoka. "Mmesahau?"

Wakatazamana. Kisha mwenye kofia ya tundu akaenda kwenye rundo la makuti lililokuwa kando ya shamba, akaleta mawili, akayalaza mbele ya magurudumu yangu. "Barabara tutaitandika sisi," akasema. "Kupita ni kwako."

Ndivyo tulivyouvuka ule mchanga. Walitandika makuti mbele, nikapita, wakayaokota nyuma, wakakimbia kuyatandika mbele tena, wakipiga "Heee!" kila nikisogea. Mzee mmoja alikuwa ameshika kuti na viatu vyake vyote kwa mkono mmoja. Upande wa pili nilizunguka ubavu, nikawashukuru mmoja mmoja. Hapo tukaagana.

MSAMBWENI

Niliingia kwetu kabla ya magharibi, peke yangu. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba duka la mjomba limefungwa. Halifungwi mchana, mwajua. Nje palikuwa pametandikwa mikeka, na watu wamekaa kimya. Nikajiuliza ni nani aliyefariki nyumbani nami sipo.

Ninyi wenyewe mlikuwepo. Baadhi yenu mlikimbia, na majina sitayataja.

Yule mwenye baiskeli alikuwa amefika kabla yangu. Alisema tu alichokiona: jeneza linakuja kutoka Gazi, limefunikwa nguo nyeupe, nalo lina magurudumu. Mjomba hakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Alikuja barabarani bila kofia. Akaona kitambaa, akaona bendera, kisha akaniona mimi chini ya kitambaa nikimtazama. Akakaa vumbini mbele ya magurudumu, yeye na kanzu yake safi, na macho yetu yakawa sawa.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitika. Nikakumbuka nyayo zangu. Zilikuwa zimemwelekea usoni, zimejaa vumbi. Nikashika usukani nizunguke ubavu, lakini aliwahi kulishika gurudumu.

"Iache."

"Mjomba, nyayo zangu..."

"Iache hivyo hivyo." Akaanza kuufungua ule mkanda wa mpira kwenye mguu wangu wa kushoto, polepole, vidole vikimtetemeka, vile vidole visivyotikisika mizanini. Mguu ulikuwa na alama nyekundu ya mkanda. Akaushika kwa mikono miwili. "Nimekaa nikijua mimi ndiye niliyekutuma ukafe," akasema.

Nikamwambia lililokuwa likinisumbua. "Haikupanda lori. Ila pale karibu na Gazi watu walininyanyua kidogo. Lakini walinirudisha."

"Walikurudisha?"

"Mpaka waliponichukulia. Kwenye alama zangu."

Akanitazama sana, nami kwa mara moja sikuinamisha macho. Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka, mguu wangu bado mikononi mwake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Duka halikufunguliwa tena siku ile. Na mafuta ya taa, kama mnavyoona, bado yanabebwa na punda.